Bahati, Bidii na Mkono wa Mkubwa

Siku ya malipo katika chama cha ushirika cha kahawa ni siku ya furaha kwa wengine na ya maswali kwa wengine. Wakulima huketi nje ya kiwanda wakingoja kuitwa, kila mtu na kitabu chake mkononi. Aghalabu hutokea kwamba majirani wawili, ambao mashamba yao yamepakana na miti yao ni karibu sawa kwa hesabu, hupokea fedha zisizolingana hata kidogo. Hapo ndipo husikika maneno kama haya:

"Mzee, wewe una nyota."

"Nyota gani, mwanangu? Nyota yangu ni mkasi wa kupogolea."

"Sivyo, Mzee. Mvua ni ileile na udongo ni uleule. Mungu amekupa."

"Mvua ametupa sote. Je, wewe mwezi wa Februari ulipogoa?"

Kijana hucheka tu, na mazungumzo huishia hapo.

Mambo ni yayo hayo katika ofisi. Orodha ya waliopandishwa cheo inapobandikwa ukutani, makarani hukusanyika mbele yake, na kabla ya saa ya chakula majibu matatu yamekwisha kuzunguka katika vyumba vyote. Wa kwanza husema, "Fulani ana bahati." Wa pili husema, "Siyo bahati. Fulani amesoma usiku mwaka mzima, akafaulu mtihani." Wa tatu hutazama kwanza nyuma yake, kisha hunong'ona, "Hamjui kwamba fulani ni shemeji yake mkubwa?"

Bahati, bidii na mkono wa mkubwa: haya ndiyo majibu matatu ambayo wanadamu huyatoa wanapotaka kujua kwa nini huyu amepata na yule amekosa. Si maneno ya kupitisha wakati tu. Jibu analolichagua mtu ndilo litakalomwongoza kesho asubuhi, ama ashike jembe, ama apige hodi katika mlango fulani, ama arudi kulala.

Elimu ya nafsi, iitwayo saikolojia, imelichunguza jambo hili kwa makini. Katika nchi ya Marekani alikuwako profesa mmoja, Julian Rotter, aliyezaliwa katika Brooklyn mwaka 1916 na kufariki mwaka 2014. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ohio State, kisha akahamia kile cha Connecticut. Mwaka 1966 alichapisha maelezo marefu juu ya namna watu wanavyofikiri kuhusu mapato na hasara zao. Alisema kwamba wako watu wanaoamini kwamba yanayowapata hutokana na matendo yao wenyewe, na wako wengine wanaoamini kwamba yanayowapata hutoka nje yao, yaani kwa bahati, kwa majaaliwa, au kwa watu wenye nguvu. Ili kuwapima, aliandika jozi 29 za maneno, na katika kila jozi mtu alitakiwa kuchagua neno moja analoliona kuwa la kweli zaidi. Jozi sita kati ya hizo hazikuhesabiwa. Ziliwekwa tu ili mtu asitambue upesi kinachotafutwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1957, mwanafunzi wa Rotter, jina lake Jerry Phares, alikuwa amefanya jaribio dogo lenye mafunzo makubwa. Aliwapa watu kazi ya kulinganisha rangi na urefu wa mistari. Baadhi yao aliwaambia kwamba kufaulu katika kazi ile kunategemea ustadi. Wengine aliwaambia kwamba kazi yenyewe ni ngumu mno, na anayepatia hupatia kwa bahati tu. Kwa hakika kufaulu na kushindwa kwao kulikuwa kumepangwa na mchunguzi mwenyewe, kwa namna moja kwa watu wote. Basi wale walioambiwa kwamba ni ustadi walijifunza kutokana na kila jambo lililowapata: walipofaulu, tumaini lao la mara nyingine lilipanda, na waliposhindwa lilishuka. Wale walioambiwa kwamba ni bahati hawakubadilika kwa kiasi hicho. Yaliyopita hayakuwafundisha mengi juu ya yajayo.

Mkulima na alitie moyoni jambo hili. Hasara kubwa ya kuamini bahati katika jambo la ustadi siyo uvivu peke yake. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba mtu huacha kujifunza. Yule kijana aliyesema kwamba jirani yake ana nyota hakuuliza alipogoa lini, wala alinyunyiza dawa mara ngapi, wala alitandaza majani chini ya miti au la. Kwa nini aulize? Nyota haifundishwi. Wazee walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio," lakini hawakusema usiulize mwenzio anavyolima. Kahawa ina mambo mengi yaliyo katika mkono wa mwenye shamba. Kupogoa kuko katika mkono wake. Kuchuma matunda mekundu peke yake, bila kuyachanganya na mabichi, kuko katika mkono wake. Kuyafikisha kiwandani siku ileile yaliyochumwa, kabla hayajaanza kuharibika, kuko katika mkono wake. Asiyefanya haya kisha akalaumu bahati yake amejifungia mlango mwenyewe, na ufunguo ameutupa.

Hata hivyo, wale wanaopenda kusema kwamba kila kitu kiko katika mikono ya mtu mwenyewe nao wana lao la kujibu. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali ilishuka katika jimbo la Paraná, nchi ya Brazil, ikaunguza mashamba ya kahawa usiku mmoja. Kwa kuwa Brazil ndiyo iliyokuwa ikitoa kahawa nyingi kuliko nchi zote duniani, bei ilianza kupanda, na mwaka 1977 ilipita dola 3 za Marekani kwa ratili moja. Wakulima wa Nyeri, Murang'a, Meru na Kisii walipata fedha ambazo hawakupata kuziona. Wengine walijenga nyumba za mawe na wengine waliwapeleka watoto wao shule. Walikuwa wamefanya kazi ya haki, lakini kazi yao ya mwaka 1977 haikuwa mara tatu ya ile ya mwaka 1974. Walichopata juu ya jasho lao kilitoka katika barafu ya nchi ambayo wengi wao hawangeweza kuionyesha katika ramani.

Mwezi wa Julai 1989 gurudumu liligeuka. Nchi zinazouza kahawa na zile zinazoinunua zilishindwa kupatana juu ya mgawo wa kiasi ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza nje, na mgawo huo ukaondolewa. Katika miezi michache bei ikaanguka karibu nusu. Miti ilikuwa ileile, mikono ilikuwa ileile, na mkulima bora aliumia pamoja na mkulima mzembe. Aliyejiambia mwaka 1977 kwamba utajiri ule ulitokana na akili zake mwenyewe, akatumia mpaka senti ya mwisho na kukopa juu yake, hakuwa na pa kukimbilia.

Kosa hili, la kuiita bahati ustadi, nalo limepimwa. Mwaka 1975 mchunguzi wa Kimarekani, Ellen Langer, aliandika habari za majaribio yake kuhusu tiketi za bahati nasibu. Wafanyakazi wa ofisini walinunua tiketi kwa dola moja moja. Wengine waliruhusiwa kujichagulia tiketi, na wengine walipewa tu. Baadaye kila mmoja aliulizwa angekubali kuiuza tiketi yake kwa bei gani. Waliopewa walitaka, kwa wastani, dola 1.96. Waliojichagulia wenyewe walitaka dola 8.67. Tiketi zote zilikuwa na nafasi sawa ya kushinda. Kuchagua hakukuongeza chochote ila fahari ya moyo. Karani anayepoteza mshahara wake katika kamari za mpira, akiamini kwamba safari hii ameyapima mambo vizuri, yumo katika shimo hilohilo. Anafanya bidii, ni kweli. Lakini anaifanya mahali ambapo bidii haina mizizi.

Mpaka hapa mambo ni mawili, bahati na bidii. Lakini yule karani wa tatu aliyenong'ona mbele ya orodha asisahauliwe. Katika miaka ya 1970 mchunguzi mwingine wa Marekani, Hanna Levenson, alionyesha kwamba haifai kuyaweka yote yanayotoka nje ya mtu katika kapu moja. Bahati ni jambo moja, na watu wenye nguvu ni jambo jingine. Kwa hiyo aliyapima mambo matatu mbalimbali: mtu mwenyewe, wenye nguvu, na bahati.

Historia ya Kenya inatosha kuonyesha kwamba alikuwa na haki. Kwa muda mrefu wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa. Sababu zilizotajwa zilikuwa kuenea kwa magonjwa na wizi wa kahawa. Walakini walowezi waliogopa pia kukosa vibarua, maana mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kuchuma ya mwenziwe kwa ujira mdogo. Katika miaka ya 1930 wachache waliruhusiwa katika sehemu za Meru, Embu na Kisii, na mpaka ulipokuja mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wengi. Je, mkulima wa Nyeri wa mwaka 1930 alikosa kahawa kwa sababu ya uvivu? Hasha. Je, alikosa kwa bahati mbaya? Wala si hivyo. Alikosa kwa sababu ya amri iliyoandikwa na watu.

Makarani nao walikuwa na amri yao. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, iliridhia kwamba katika kazi ya serikali Mwafrika na Mwasia walipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu mwenye kazi kama hiyo. Karani aliyefika kazini mapema na kuondoka wa mwisho hakuweza kuivuka hesabu hiyo kwa bidii yake peke yake, hata angeandika kwa mikono miwili. Tume ya Lidbury ya 1954 ilishauri kwamba tofauti hiyo ya rangi iondolewe, na haikufika hapo kwa bahati. Ilitanguliwa na malalamiko ya miaka mingi, yaliyotolewa na watu waliokataa kuiita amri ya wanadamu kwa jina la majaaliwa.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya neno "bahati". Neno hili hufunika mengi. Mtunza fedha wa chama akila malipo ya wanachama, nao wakienda nyumbani wakisema, "Mwaka huu hatukuwa na bahati," mwizi huyo amepata kinga asiyoilipia hata senti. Mkubwa wa ofisi akimpandisha shemeji yake juu ya vichwa vya waliofaulu mtihani, nao wakisema, "Riziki ni ya Mungu," Mungu amesingiziwa jambo ambalo hakulifanya. Hali kadhalika neno "bidii" laweza kugeuzwa kuwa kifuniko. Mkubwa yuleyule akiulizwa huweza kujibu, "Jitahidini zaidi," naye anajua kwamba jitihada siyo iliyopimwa.

Katika Marekani, mwaka 1969, Patricia Gurin na wenzake waliandika juu ya vijana weusi waliokuwa wakisoma katika vyuo vya kusini mwa nchi ile. Waliona kwamba kijana aliweza kuwa na imani mbili kwa wakati mmoja: kwamba yeye mwenyewe anaweza kutenda jambo, na kwamba kuwekwa nyuma kwa watu wake kumeletwa na ubaguzi, si upungufu wao. Vijana walioulaumu mpango wa nchi hawakuwa wamekata tamaa. Walikuwa tayari zaidi kulenga kazi ambazo watu weusi hawakuwa wamezizoea, na kushirikiana na wenzao ili kuondoa ubaguzi. Kwa hiyo kuuona mkono wa mkubwa si udhaifu wa moyo. Wakati mwingine ni kuona sawasawa tu. Rotter mwenyewe, mwaka 1975, aliwaonya wale waliotaka kuyageuza maandishi yake yawe mizani ya kutenga watu wema na watu wabaya.

Basi mtu afanyeje? Dawa iliyo nyepesi ni daftari. Kila jambo linapompata, jema au baya, na aligawe katika safu tatu: lililo katika mkono wangu, lililo katika mkono wa mkubwa, na lililo la bahati. Kisha ajue kwamba kila safu ina kazi yake, wala kazi ya moja haitoshi kwa nyingine.

Kazi ya safu ya kwanza ni kujifunza. Humo mtu huuliza, hupima, hujaribu tena. Wala asidhani kwamba nia njema yatosha bila mpango. Katika Busia, magharibi ya Kenya, wachunguzi watatu, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walichunguza kwa nini wakulima wengi waliokusudia kutia mbolea katika mahindi yao hawakutia. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba wakulima walipopewa nafasi ya kuilipia mbolea mara baada ya mavuno, wakati fedha zingali mkononi, kisha wakaletewa bila malipo ya uchukuzi, wengi zaidi waliitumia, ingawa bei yake haikupunguzwa. Hawakuwa wavivu, wala hawakuwa na nyota mbaya. Fedha zilikuwa zikiwatoka kabla msimu wa kupanda haujafika. Mkulima aweza kujifanyia mpango huo mwenyewe: auze mahindi leo, anunue mbolea leo.

Kazi ya safu ya pili ni kuuliza, na kuuliza pamoja na wenzake. Mkulima mmoja akiuliza hesabu za chama huitwa mchochezi. Wakulima mia wakiziuliza katika mkutano wa mwaka huitwa wanachama. Karani naye aandike barua ya heshima, ataje tarehe ya mtihani na alama zake, aulize ni kipimo gani kilichotumika. Lakini na awe mkweli. Aliyeshindwa mtihani mara tatu asimtafute shemeji wa mkubwa kila mahali. Safu hii ni ya mambo yenye ushahidi, siyo ya kutupia uchafu wa safu ya kwanza.

Kazi ya safu ya tatu ni kujikinga na kushukuru. Baridi ya Brazil haiombwi ruhusa, na mvua ya mawe inayoyaraurua majani ya chai ya Kericho haibagui hodari na mzembe. Kwa mambo hayo dawa ni akiba katika mwaka mwema, mazao ya aina mbalimbali katika shamba, na jirani anayeweza kukusaidia kwa sababu nawe ulimsaidia. Wazee walisema, "Jitihada haiondoi kudura." Ni kweli, lakini hawakusema kwamba kudura huondoa haja ya jitihada. Na mwenye kuijua safu hii hamsimangi jirani aliyepatwa na ugonjwa au mafuriko kwa kumwambia kwamba hakujitahidi.

Tena mpaka kati ya safu hizi hausimami mahali pamoja siku zote. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, ulionekana Kenya mwaka 1922. Baadaye zilipatikana dawa za kunyunyiza, na mwaka 1985 ikatolewa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyo na nguvu ya kuustahimili ugonjwa huo. Lililokuwa katika safu ya bahati likahamia katika safu ya mkono wa mtu. Amri juu ya kahawa na sheria ya mishahara nazo zilihama, kwa sababu watu waliuliza. Elimu hupunguza eneo la bahati, na umoja hupunguza eneo la mkubwa.

Wenye vyeo nao wana sehemu yao katika habari hii. Mkubwa anayelalamika kwamba watumishi wake hawana bidii na aanze kwa kujiuliza kama bidii, chini yake, hulipwa. Watu wakiona mwaka baada ya mwaka kwamba anayefanya kazi na asiyefanya hupata sawa, au kwamba mwenye mjomba ofisini humpita mwenye cheti, wataamini bahati. Nao hawatakuwa wajinga kwa kuamini hivyo, maana watakuwa wameyasoma vema mazingira yao. Kama vile Phares alivyowaambia watu wake kwamba kazi ni ya bahati, nao wakaacha kujifunza, ndivyo mkubwa asiye na haki anavyowaambia watumishi wake bila kufungua kinywa. Kipimo cha kupandishwa cheo na kibandikwe ukutani kabla ya orodha ya majina, na hesabu za chama zisomwe kwa lugha ambayo kila mwanachama anaifahamu.

Yule kijana wa siku ya malipo naye bado anayo nafasi. Akifika nyumbani na akifungue kitabu chake cha kahawa, ahesabu kilo zake mwezi kwa mwezi, kisha kesho yake aende kwa jirani, abishe hodi, aseme, "Mzee, nimekuja kujifunza kupogoa." Akikuta kwamba kilo zake ni chache, atajua pa kuanzia kazi. Na akikuta kwamba kilo zake si chache, bali malipo ndiyo yaliyopungua njiani, yeye na mzee wake watakuwa na swali moja la kuuliza pamoja katika mkutano ujao. Ajizi ni nyumba ya njaa. Na kunyamaza mbele ya hesabu iliyopotoka ni ajizi pia.